Kasri la Marahubi Alikofanya Kazi Binti Yangu

Niliondoka Endabash kwa sababu ya neno lililosemwa kwenye mazishi ya binti yangu, Paulina. Alifanya kazi Unguja miaka miwili, akiwaongoza watalii katika kasri ambalo sultani alilijenga kando ya bahari. Aliugua huko, tukamzika nyumbani. Siku hiyo, mtu alipomtaja sultani, jirani yetu Emanueli, aliyewahi kufika Unguja, alisema, "Sultani gani? Kule hakuna sultani tangu Mapinduzi. Huyo binti alikuwa na kazi nyingine." Mke wangu alisikia. Tangu hapo hakulitaja tena jina la mtoto.

Alfajiri nilipanda basi Karatu. Kesho yake, Dar es Salaam, nikapanda boti. Sijawahi kuona maji mengi kiasi kile. Nilifumba macho mpaka tukafika.

Adhuhuri nilifika kwa Bi Zuhura, mama aliyempangishia Paulina chumba. Nikabaki nje ya mlango. Kwetu Wairaqw, mzazi aliyefiwa na mtoto haingii nyumba za watu mpaka muda wake uishe, asije akawapelekea msiba. Siku hizi wengi wameacha. Mimi sijaacha.

"Ingia baba, mbona wasimama juani kama mnazi?"

Nikamweleza. Akachukua mtandio wake. "Basi twende kasrini. Lile halina paa wala mlango, hutamkosea mtu."

Alasiri tulikuwa Marahubi. Niliona nguzo nene za mawe, safu kwa safu, na kati yake majani. Bi Zuhura alinisimulia kama Paulina alivyowasimulia wageni: kwamba sultani aliwajengea wake zake hapa, mbali na mji, wapate upepo wa bahari, kwamba ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya nguzo hizi, kwamba walikuwa na mabafu ya mawe. Kisha moto ukala mbao zote, mawe yakabaki.

"Waongozaji wengine husema wanawake walikuwa mia," akaongeza. "Wageni hupenda hivyo. Mwanao alikuwa akiwaambia, 'Husemwa mia. Mimi sikuwahesabu.' Wenziwe wakamcheka mpaka wakamwita Bi Sikuwahesabu."

Nilishika nguzo, nikalia. Halafu nikacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku ya pili yake nilianza kurudi. Nilipofika nyumbani, mke wangu aliuliza jambo moja tu.

"Mtoto alisema kweli?"

"Alisema kweli. Yeye hakusema sultani bado yumo. Mimi ndiye niliyetangaza kanisani kwamba mwanangu anamtumikia mfalme. Nilitaka kujisifu."

Kisha akasema, "Paulina," polepole, akaenda kukoka moto.

Nilichojifunza ni hiki: uongo uliomchafua mwanangu ulianzia kinywani mwangu. Asubuhi nilisimama nje ya ua wa Emanueli, nikamwambia hivyo kwa sauti, majirani wakisikia. Akainamisha kichwa.

"Mimi nami nilisema nisichokijua," akajibu. "Ingia, mzee mwenzangu, tuzungumze."

"Muda wangu bado."

Akarudi ndani, akatoka na vigoda viwili, akaviweka kando ya barabara.

"Haya, Baba Paulina. Hebu nieleze, hilo kasri likoje?"