Mfumo Hauna Laasiri

Jumanne, tarehe 13 Januari mwaka huu, Obeid Abubakr aliingia katika ofisi moja mjini Amu, ndiyo Lamu, akiwa na daftari kwapani na furaha kifuani. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo. Alipotoka, furaha haikuwapo tena, na saa ya ukutani bado ilionyesha saa nne na robo.

“Kazi yao ni kuhesabu saa za watu, na saa yao wenyewe imekufa,” anasema Obeid, na kutema mate pembeni, mbali na maji.

Leo, wiki nne baadaye, yuko kazini kama kawaida. Jua halijakaza. Amekunja kikoi hadi magotini, ameosha miguu mara tatu, na sasa anateremka ngazi kuingia ndani ya jabia la Mbwajumali, kisiwani Pate, kipande cha kumbi la nazi mkononi.

Jabia ni birika kubwa lililochimbwa ardhini kuhifadhi maji ya mvua. Pembeni yake kuna uwanja wa saruji ulioinamishwa, ili kila tone linaloanguka liteleze hadi shimoni. Hapa hakuna mto, na visima vingi vina chumvi. Jabia likichafuka, kijiji kizima kinashika tumbo.

Obeid, mwenye umri wa miaka 58, amelitunza kwa miaka kumi na tisa. Hulipwa na kamati ya kijiji shilingi elfu sita kwa mwezi, mwezi ambao kamati imekumbuka. Anasugua kuta, anaziba nyufa, anapaka chokaa, anafukuza mbuzi wanaopanda uwanjani. Mbuzi anawasamehe.

“Mbuzi hana cheo,” anasema. “Akinyea uwanja, hakuambii urudi wiki ijayo na nakala tatu.”

Shule aliishia darasa la tatu. Lakini chuo cha Kurani alihitimu, na huko ndiko alikotoa mwandiko wake: anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika babu zake barua, mikataba na mashairi. Kila kazi ya jabia huiandika katika daftari. Kawaida hiyo ilianzishwa na marehemu mkewe, Bi Swafiya, aliyekuwa akisema kwamba kazi isiyoandikwa wakubwa huigeuza wakasema ni yao.

Bi Swafiya alifariki miaka sita iliyopita. Alishikwa na uchungu wa mimba isiyotimia, na boti ya kumvusha kwenda hospitali ikakosa mafuta. “Kulikuwa na mafuta ya kuleta wageni kufungua choo cha soko wiki ile ile,” anasema Obeid. Anasugua.

Alimwachia binti mmoja, Lubna, mwenye umri wa miaka 19. Na huyo Lubna ndiye mzigo wote wa hadithi hii.

Mwaka jana Lubna alimaliza kidato cha nne katika shule ya upili iliyo mwendo wa nusu saa kutoka kijijini. Alipata B ya kutoa, alama ambayo mtaani kwao ilipigiwa vigelegele. Chuo kimoja cha uuguzi bara kimempa nafasi, kwa sharti kwamba afikishe cheti chake cha kumaliza shule kabla ya Ijumaa, tarehe 27 Februari.

Cheti hicho hakijatoka. Shule yao inataka mambo matatu kwa kila mhitimu: awe amefanya mtihani, awe amedumu katika klabu moja au mchezo mmoja kwa miaka miwili, na awe ametoa saa arobaini za huduma kwa jamii, zilizothibitishwa na msimamizi na kuhakikiwa na ofisi.

Mtihani Lubna aliufanya. Klabu alikuwa nayo, ya mdahalo, na netiboli juu yake. Saa za huduma, alizitoa papa hapa ndani ya jabia, yeye na wenzake kumi, Jumamosi kumi na sita katika misimu miwili ya kiangazi.

“Tulikuwa tunatoka tumejaa tope mpaka masikioni,” anasema Lubna. “Baba hakuwa na mchezo. Ukiacha kona chafu, anakwambia, ‘Hapo ndipo atakapokunywa bibi yako.’ Unarudi unasugua.”

Obeid aliandika yote. Basi Jumanne ile akavuka kwenda Amu, akaliweka daftari juu ya meza ya Bwana Douglas, ofisa mwenye kuhakiki fomu hizo. Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi bado wanayakumbuka mazungumzo yao.

“Hii ni nini, Mzee?” aliuliza ofisa.

“Daftari.”

“Naona ni daftari. Imeandikwa kwa lugha gani?”

“Kiswahili.”

“Hiki si Kiswahili. Hiki ni Kiarabu.”

“Herufi ndizo za Kiarabu. Maneno ni yako na yangu. Tega sikio nikusomee.” Obeid akafungua. “‘Jumamosi, baada ya sala ya Laasiri. Wanafunzi kumi na mmoja. Wamesugua uwanja upande wa kibla. Wametoa tope ndoo thelathini na nne. Maghribi wamekwenda zao.’”

“Sawa. Laasiri mpaka Maghribi ni saa ngapi?”

“Ni Laasiri mpaka Maghribi.”

“Kwa saa, Mzee. Walianza saa ngapi, wakamaliza saa ngapi?”

“Walianza tulipotoka msikitini, wakamaliza ilipoadhiniwa. Hiyo si saa?”

Bwana Douglas akamgeuzia kompyuta aione. “Hapa kuna sehemu ya kuanza na sehemu ya kumaliza. Zinataka nambari. Mfumo hauna Laasiri.”

“Basi mfumo wenu hausali.”

Benchi likaangua kicheko. Bwana Douglas hakucheka. Alilifunga daftari taratibu, akalisukuma ng’ambo ya meza, akamwita mtu wa pili.

Lubna aliposimuliwa, alikaa kitako mlangoni. “Baba, na ulimi wako huo!” alimwambia. “Ungenyamaza tu, ungesema saa kumi.” Obeid anakiri kwamba maneno yale yalimponyoka. Lakini anauliza, mtu aliyeandika kweli anyamaze kwa nini?

Aliyejaribu kuyarekebisha ni Mwalimu Kerubo, mlezi wa klabu ya mdahalo, mwenyeji wa Kisii aliyefundisha kisiwani kwa miaka saba. Alikwenda nyumbani kwa Obeid siku mbili mfululizo baada ya masomo. Mzee akasoma, mwalimu akaandika kwa herufi za kawaida. Laasiri wakaifanya saa kumi, Maghribi saa kumi na mbili na nusu.

“Nilipojumlisha niliduwaa,” anasema Mwalimu Kerubo. “Saa mbili na nusu, mara kumi na sita, ni arobaini kamili. Hata dakika moja haikuzidi. Mtu anayedanganya hawezi kupatia hivyo bila kujua kwamba zinatakiwa arobaini, na mzee alikuwa hajui. Alidhani zinatakiwa mpaka jabia litakate.”

Obeid akavuka tena na fomu zimejazwa vizuri. Akaambiwa kwamba fomu ni nakala, na nakala lazima ilingane na asili. Asili ni daftari. Daftari halisomeki ofisini. Kwa hiyo litafsiriwe, kwa gharama ya mzazi, na mtafsiri aliyeidhinishwa.

“Atafsiri Kiswahili kiwe nini?” aliuliza Obeid.

“Kiwe Kiswahili,” alijibiwa.

Anapofika hapa Obeid huacha kusugua. Hukaa juu ya ngazi, akashika kiuno, akamtazama anayemsikiliza kana kwamba huyo naye ni wa ofisini.

“Nti hii ina mambo,” anasema, akiitaja nchi kwa lahaja ya kwao. “Yeye ndiye asiyejua kusoma. Mimi ndiye ninayeambiwa sikusoma.”

Alipopigiwa simu na gazeti hili, Bwana Douglas alijibu kwa upole. Alisema hana ugomvi na mzee, na kwamba anamheshimu. “Lakini nikithibitisha kitu nisichoweza kukisoma, wakaguzi wakija mimi ndiye nitakayeulizwa. Kuna watu huandikiana saa za uongo. Utaratibu ni utaratibu.”

Kuhusu saa za uongo, Taufiq, kijana aliyesoma darasa moja na Lubna, ana ushahidi wake. Yeye cheti chake anacho tangu Desemba.

“Mimi saa zangu sita ni za kusimama barabarani nikipunga bendera, mgeni mkubwa alipokuja,” anasema akicheka. “Mgeni mwenyewe alichelewa, akapita na gari vioo juu. Lakini zilipigwa muhuri siku ile ile. Tena na soda tulipewa. Lubna, ungekuja ukapunge na wewe!”

“Nilikuwa ndani ya shimo nakusafishia maji, mjinga wewe,” Lubna anamjibu.

Yangeishia hapo, kama mengi ya wanyonge yanavyoishia. Lakini mwisho wa Januari Lubna alikwenda shuleni kuulizia tena cheti. Akaambiwa angoje nje ya ofisi ya mkuu. Akangoja mpaka akamaliza kusoma kila kitu kilichobandikwa ukutani: ratiba, picha za mabingwa wa netiboli, naye mwenyewe akiwamo, na karatasi moja ya idara ya afya ndani ya fremu ya kioo.

Karatasi ile ilisema kwamba maji ya shule, yatokayo katika jabia la Mbwajumali, ni salama kwa kunywa. Ilisema jabia limesafishwa na wanafunzi wa shule hiyo katika Jumamosi kumi na sita. Na chini, karibu na muhuri, iliandikwa: “Imethibitishwa kwa kusoma daftari la msimamizi, Bwana Obeid Abubakr.”

Lubna aliisoma mara tatu, akaipiga picha kwa simu. Kisha alirudi nyumbani mbio, cheti hakukiulizia tena.

Aliyeitia saini ni Bwana Hamdu, ofisa wa afya ya umma, mzaliwa wa Siyu. Hakuhitaji mtafsiri. “Mimi pia nimepita chuoni kwa maalimu,” anasema. “Nilikaa na lile daftari nusu saa. Lina kila kitu, mpaka idadi ya ndoo. Natamani ripoti zetu za ofisini zingekuwa hivyo.”

Obeid akavuka mara ya tatu, safari hii na picha ya karatasi ile katika simu ya Lubna. Bwana Douglas aliitazama kwa muda. Akaikuza kwa vidole, akaupunguza ukubwa, akamrudishia simu.

“Hiyo ni idara nyingine,” alisema.

“Daftari si lilo hilo moja?”

“Daftari ni moja. Idara ni mbili.”

Wenzake Lubna kumi hawajaitwa chuo chochote bado, kwa hiyo wazazi wao wanaweza kungoja. Lubna hawezi. Kila asubuhi anahesabu siku kwa vidole, na babake anajifanya haoni. Sanduku lake la safari limefungwa tayari. Ndani yake mna sare mbili nyeupe alizoshonewa na shangazi yake, na chupa ya maji ya jabia, ambayo anasema ataifungua siku ya kwanza akifika.

Wakati huo huo, kazi haingoji. Mfungo unakaribia, na baada yake mvua za masika. Kundi jipya la wanafunzi tisa limekwisha kuanza kuja kila Jumamosi. Obeid alitaka kuwafukuza. Aliona hana uso wa kumpotezea mwana wa mtu wakati wake. Lubna ndiye aliyekataa. Ametundika saa ya plastiki kwenye msumari karibu na ngazi, na katika daftari amechora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kulia babake anaandika Laasiri. Upande wa kushoto yeye anaandika saa kumi.

“Nataka akasome, arudi, akae katika zahanati ya hapa hapa,” anasema Obeid. “Mama yake alikufa kwa kukosa mtu. Nataka mgonjwa akija na karatasi, iwe ya herufi hizi au zile, akute mtu wa kuisoma. Basi. Sitaki kingine kwa mkubwa yeyote.”

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, na Bwana Douglas alialikwa aeleze masharti ya kuhitimu. Alieleza vizuri, kwa muda mrefu. Chai ilipitishwa. Obeid, ambaye kwa miaka yote minne hakuwahi kufungua kinywa mkutanoni, alisimama.

“Bwana Douglas, chai umekunywa?”

“Nimekunywa, Mzee. Asante.”

“Vikombe vingapi?”

“Viwili.” Watu wakaanza kucheka, na ofisa naye akatabasamu, asijue anapelekwa wapi.

Obeid hakucheka. Alionyesha kwa kidole ofisi ya mkuu, iliko fremu ya kioo, kisha akaonyesha faili iliyokuwa mapajani mwa mgeni. Aliuliza swali moja, akakaa. Bwana Douglas alikitazama kikombe chake. Mwenyekiti alikohoa, akasema muda umekwenda, tuingie ajenda inayofuata.

Swali hilo limo katika kumbukumbu za mkutano, limeandikwa na katibu kwa herufi ambazo kila ofisi inazisoma. Mbele yake, pa kuandikwa jibu, pako wazi hadi leo:

“Kwa karatasi ile ya ukutani, wana hawa walisafisha jabia. Kwa karatasi hiyo uliyoishika, hawakusafisha. Sasa nambie, Bwana, maana kesho nawafungulia watu mai wanwe: jabia lile limesafishwa, au halikusafishwa?”