Habari Alizoleta Mama Naserian

Juzi nilikuwa stendi ya Mikumi nasubiri basi la Morogoro, nikapitwa na mama mmoja wa Kimasai aliyebeba kibuyu cha maziwa. Kabla sijamwona, harufu ilinifikia: moshi wa kijiti kilichochomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu, na juu ya moshi huo uchachu wa maziwa yaliyolala. Wanaoijua harufu hiyo hawahitaji nieleze zaidi. Wasioijua naomba waniamini tu kwamba nilishika nguzo ya kibanda cha tiketi. Kwa muda mfupi sikuwa mwanamke mzima mwenye begi na safari. Nilikuwa Mwajuma wa darasa la nne, nimekaa juu ya kinu kilicholazwa ubavu, jikoni kwa mama yangu.

Kijiji chetu kilikuwa bondeni, mwendo wa baiskeli kutoka Kilosa mjini. Sisi tulikuwa wakulima, wengi wetu Waislamu, na ng'ambo ya kijito, kwenye uwanda wa majani, waliishi wafugaji. Mama alikaanga maandazi kila asubuhi, na kila asubuhi Mama Naserian alivuka kijito kutuletea maziwa. Bintiye Naserian alikuwa rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja. Mimi nilimwamkia Mama Naserian mara mbili: kwanza shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikainamisha kichwa aniguse utosini kama walivyosalimiwa watoto wa kwao. Alikuwa na kiganja kikavu, chenye joto, na bangili zake zililia karibu na sikio langu.

Halafu alikaa, na ubishi ukaanza.

Sijapata kuona tena watu wawili wanaobishana vile. Mama Naserian alibatizwa akiwa tayari ameolewa, na mumewe alibaki na mila za wazee wake. Mama yangu alikuwa mtu wa msikitini, hakuacha swala. Mwezi wa Ramadhani Mama Naserian alimuuliza mama, huyo Mungu wake ana haja gani na njaa ya mtu ambaye njaa anayo tayari. Mama akageuza maandazi, akajibu kwamba njaa ya kukosa humjia mtu bila kumuuliza, lakini hii ya mfungo anaichagua mwenyewe, na hapo ndipo anapojiona ni mtu. Chai aliyokaribishwa hakuigusa. Mwezi mzima hakunywa kitu mbele ya mama, ingawa kila siku alikuja kuusema vibaya mfungo wenyewe.

Zamu ya mama ilipofika aliuliza kwa nini Wakristo wanafumba macho wakisali, na nani anaangalia mbuzi wakati huo.

"Mungu anaangalia," alisema Mama Naserian.

"Basi hiyo fimbo unaibebea nini?"

Walicheka mpaka maandazi yakaungua upande mmoja, na sisi watoto tukapewa hayo yaliyoungua.

Kwenye siasa ndiko kulikuwa na moto zaidi. Baba yangu alikuwa mjumbe wa nyumba kumi wa chama tawala, mama alikuwa shabiki wa upinzani. Bendera ya baba ilipepea juu ya nyumba, ya mama juu ya jiko, na wapita njia walitutania kwamba kwetu ugali unapikwa upinzani na kuliwa serikalini. Mama Naserian alisimama na baba, kwa sababu chama chake kiliwachimbia wafugaji lambo la kunyweshea ng'ombe. Mama alimkumbusha kwamba lambo lile halijawahi kuwa na maji. Mama Naserian akasema ni kweli, lakini shimo lipo.

Hakuna aliyembadilisha mwenzake. Mama Naserian aliondoka kila siku na imani yake na chama chake, na kesho yake alirudi navyo. Mimi, kwa akili ya kitoto, nilidhani hawapendani. Nilimuuliza Naserian siku moja njiani kama mama zetu ni maadui. Alifikiri, akasema labda, lakini ni maadui wa asubuhi tu.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Kampeni zilikuwa zimeanza kunukia, mahindi yamekauka shambani yanasubiri kuvunwa, na watu walikuwa na furaha kwa sababu mvua zilikuwa zimetutendea haki. Asubuhi moja Mama Naserian alikuja bila maziwa. Hakukaa. Alisimama mlangoni pa jiko, mgeni kabisa kwa sura, akazungumza kwa Kiswahili cha taratibu ili asikosee neno.

Alisema kuna kundi kubwa la ng'ombe linakuja kutoka upande wa Mikumi. Si la kwao. Mwenyewe hajulikani, wachungaji ni wa kukodiwa, na mifugo ina njaa. Watapita bonde letu siku chache zijazo. Wakulima wavune haraka, na wasioweza walinde. Halafu akaongeza jambo ambalo nimelirudia kichwani miaka yote hii: kwamba wanakijiji wakikubali kukaa na wanaume wa kwao, wazungumze, basi pande zote mbili zisimame pamoja kando ya mashamba na kuwapitisha wale wageni njia ya mtoni.

Mama alizima moto kabla hajamaliza kukaanga. Alimwambia baba, baba akampelekea habari mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akaitisha mkutano uwanja wa shule siku hiyo hiyo mchana. Nilikaa chini karibu na mama, nimempakata mdogo wangu, nikiwa na fahari. Niliamini habari ikishasemwa mbele ya watu wazima wote hao, kazi imekwisha.

Mama alisimama akaeleza. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyetuazima baiskeli yake siku mama alipougua, alimuuliza swali moja.

"Habari hizi umezipata wapi?"

"Kwa Mama Naserian."

Uwanja ukanung'unika. Mmoja akasema hao Wamasai wanataka tuvune kwa pupa ili walishe mabua yetu mapema. Mwingine akasema hizi ni fujo za upinzani, watu wanatiwa hofu ili waichukie serikali. Kijana wa chama cha mama mwenyewe alimvuta khanga, akamnong'oneza akae, kwa sababu wafugaji hawatupigii kura na yeye anatuharibia. Mzee mmoja wa msikitini aliuliza, kwa upole uliomuumiza mama kuliko kelele zote, tangu lini tunaongozwa na watu wa kanisani. Mama akasema basi aitwe mwenyewe aje aseme, yuko hapo ng'ambo tu. Akajibiwa kwamba mkutano ni wa wanakijiji. Baba yake Naserian alikuwa amezaliwa kwenye uwanda ule.

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa benchi la mbele na wajumbe wenzake, kofia yake magotini, akiichunguza mshono kwa mshono kama fundi. Yeye ndiye aliyepeleka habari. Hakuinua kichwa. Mkutano ukahamia kwenye mchango wa choo cha shule.

Kesho yake Naserian aliniambia kwamba kwao nako kulikuwa na kikao. Wazee walimkalia mama yake kikao cha kumkemea. Walimuuliza ni nani aliyemtuma kuwapelekea wakulima maneno ya uwandani, wakasema likitokea lolote, hao hao watasema wafugaji walijua. Mama Naserian alikatazwa kuvuka kijito. Tukiwa dawatini, mimi na Naserian tulitafuta la kufanya. Alipendekeza tumwambie mwalimu. Tulimwambia. Mwalimu alisema hayo ni mambo ya wakubwa, tuandike zoezi.

Sijui kama ninyi mmewahi kuona jambo likija huku mkilijua. Mimi na mama tuliharakisha kuvuna kipande chetu cha karibu, tukibeba magunia kichwani mpaka shingo zikakaza. Wachache walituiga kwa siri. Shamba letu la mbali lilibaki, na mashamba ya kijiji kizima yalibaki, ya manjano, yakisugua majani yake kwa upepo.

Walikuja asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Kwanza tulisikia kengele, nyingi, zisizolingana, kisha vumbi. Ng'ombe walikuwa wamekonda mbavu nje, na walipoona mahindi hakuna fimbo iliyowazuia. Watu walikimbia na mapanga na ngoma za madebe. Mjomba wangu Salehe, mdogo wake mama, alisimama mbele yao shambani kwake, akapigwa rungu na mmoja wa wale wachungaji, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Hajaweza tena kushika jembe sawasawa mpaka leo. Baada ya adhuhuri kundi lilikuwa limeshavuka mto na kupotea. Waliobaki ni sisi, na mabua yaliyolala, na mavi ya ng'ombe mabichi kila mahali.

Hasira haikuwa na wa kumshika. Ndipo mtu mmoja akasema, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo nikasikia kwa masikio yangu: hao wa ng'ambo walijua. Mke wa Mmasai mwenyewe alisema watakuja. Angejuaje kama si wao?

Mama alipaza sauti kwamba alikuja kutuonya, kwamba mtu hamuonyi anayetaka kumwibia. Alisimama katikati ya njia ya kijito, khanga imemdondoka begani, akiwataja wanaume kwa majina, mmoja mmoja, na majina ya mama zao. Walimpita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Baba hakwenda nao. Hakuwazuia pia. Alikuwa amekaa na mjomba Salehe akimfunga mkono kwa vipande vya mbao, na sikumlaumu, kwa sababu mjomba alikuwa akilia.

Boma la kina Naserian liliteketea mchana kweupe. Watu wake walikuwa wameshakimbia na ng'ombe, lakini vitoto vya mbuzi vilivyofungiwa ndani havikutolewa. Moshi ulikaa juu ya uwanda mpaka jioni.

Siku chache baadaye wafugaji wote wa upande ule waliondoka. Walipita barabara ya kijiji kuelekea Mikumi, punda wamebeba vyombo, wanaume mbele kimya, na watu wetu wakiwatazama kutoka vibarazani. Naserian alipita amembeba mwanambuzi. Nilitaka kumwita. Aliniona, akabadilisha bega lake la kubebea ili uso wake uwe upande wa pili, na mimi sikuita.

Mama alishuka barabarani. Wanaume wa pande zote mbili walimwona, na hakuna aliyependezwa. Mama Naserian alisimama, umbali wa mtu kunyoosha mkono, lakini mikono haikunyooshwa.

"Uliwaambia?" aliuliza Mama Naserian.

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Waliniuliza nimeyapata wapi."

Mama Naserian alitikisa kichwa polepole. "Na mimi waliniuliza nimeyapeleka wapi."

Mumewe alimwita kwa kilugha chao. Akageuka akaenda. Hawakuagana, na sidhani kama lilikuwepo neno la kuagana lililowatosha.

Uchaguzi ulikuja ukapita. Bendera zilichanika kwa upepo, ya nyumba na ya jiko, na hakuna aliyezibadilisha. Mwaka ule tulikula kwa kupimiwa. Mama aliendelea kukaanga maandazi, lakini jiko lilikuwa kimya, na alipokuja jirani kununua walizungumzia hali ya hewa, wakakubaliana. Baba alizeeka haraka. Nilipokuwa mkubwa, tukiwa wawili tu tukipukuchua mahindi, aliniambia bila kuulizwa kwamba siku ile uwanjani alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba naye ameisikia habari na anaiamini. Alisema aliishika mdomoni mpaka mkutano ukaisha. Aliogopa wajumbe wenzake wangesema anaburutwa na mke wa upinzani. Niliendelea kupukuchua.

Utotoni nilidhani uhasama ulikuwa jikoni kwetu, kwenye maswali yale makali ya kila asubuhi, na kwamba amani ilikuwa uwanjani, ambako watu wa dini moja na kijiji kimoja walikaa pamoja wakitikisa vichwa. Ilinichukua miaka kuona nilivyokosea. Ule ubishi ndio uliomfanya Mama Naserian awe na mlango wa kubisha siku alipokuwa na jambo zito. Angalau alikuwa na mlango mmoja. Lakini kijiji kizima, pande zote mbili za kijito, mlango ulikuwa huo tu, na walioukalia walikuwa wanawake wawili ambao hakuna aliyepanga kuwasikiliza. Sasa nafundisha shule ya msingi, na darasani kwangu watoto wa wakulima wanakaa upande wao, wa wafugaji upande wao. Nawachanganya asubuhi. Baada ya mapumziko nawakuta wamerudi walikokuwa.

Nilipotoka Mikumi safari hii nilipitia nyumbani. Mama ni mzee, macho yamefifia. Nilimuuliza kwa nini alibishana miaka yote ile na mtu ambaye hakutarajia hata siku moja kumgeuza. Alishangaa kwamba nauliza.

"Nilikuwa nataka kujua atasema nini," alisema.

Watu walijaa uwanja mzima siku ile ya mkutano, nami nimejaribu mara nyingi kuzikumbuka nyuso zao, moja baada ya nyingine. Simkumbuki mwingine aliyetaka kujua.