Nyumba ya Mjerumani

Hapa Tabora ukitaka kitu kiheshimiwe, sema ni cha Mjerumani. Boma ni la Mjerumani, na hilo ni kweli. Lakini tuna pia visima vya Mjerumani na ngazi za Mjerumani, na ofisini kwetu kuna kabati linaitwa la Mjerumani kwa sababu tu watu wanne walishindwa kulibeba. Ndiyo maana sikuwahi kuuliza chochote kuhusu nyumba ya shangazi yangu pale Isevya. Mtaa mzima unaiita nyumba ya Mjerumani. Mwenye bodaboda ukimwambia hivyo anakufikisha mlangoni. Mimi niliyelelewa humo tangu darasa la tatu niliamini kama wengine.

Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, haijapigwa lipu hata kidogo. Kuta zake ni nene. Mwezi wa kumi, joto linapokausha hadi mate mdomoni, ukiingia ndani unatamani kulala sakafuni. Mbele ina baraza refu linalotazama barabara ambayo wazee wanasema misafara ya zamani ilipita kwenda Ujiji. Hapo barazani shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, huuza asali na karanga, na huwauliza wapita njia habari za nyumbani kwao hata kama yeye hajui ni wa wapi.

Mwaka jana baba mdogo, kitinda mimba wao, alikuja kutoka Dar na mchoro kwapani. Alitaka kuibomoa. Mahali pake zingesimama fremu sita za maduka, na shangazi angejengewa chumba na choo chake kule nyuma.

"Dada, utakaa kama malkia," alisema.

"Malkia gani anakaa uani?" shangazi akamjibu. "Halafu nyumba hii haibomolewi. Ni ya Mjerumani. Serikali itakukamata."

Baba mdogo akajikuna kichwa. Naye alikuwa amelisikia jina hilo tangu utoto, na pamoja na ujanja wake wote wa Dar, aliogopa kidogo. Akasema ataulizia kwanza.

Siku zilizofuata shangazi hakula vizuri. Aliniambia waziwazi kwamba hana shida na fremu, ila baraza lile ndilo linalomtoa kitandani asubuhi. Wakimpeleka uani kwa umri wake, atabaki kusubiri kufa tu. Niliumia sana. Na mimi nikiumia hujifanya mjuaji. Nafanya kazi halmashauri, kule Isikizya, kwa hiyo sikosi mtu wa kumpigia simu. Nikamtafuta mtaalamu wa majengo ya kale, nikamwomba aje aikague nyumba, iandikwe rasmi, ipate kibao ukutani na maneno ya kubomoa yaishe. Nikampelekea shangazi habari hiyo kama zawadi.

"Umemwita nani?" akauliza, akaacha kuchambua karanga.

Nikadhani ni furaha.

Mtaalamu alikuja Jumamosi asubuhi, mama mmoja mpole mwenye buti na futi ya kupimia. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida. Kisha akaizunguka nyumba taratibu, akipapasa kuta, akiinama, akipima. Baba mdogo alikaa barazani amekunja nne. Mimi nilimfuata mgeni nyuma nyuma nikitabasamu kama mwenye mali.

Kwenye dirisha la jikoni akasimama. Akasogeza uso karibu na ukuta, akatoa miwani, akaita, "Mama, samahani. Huyu Mjerumani alikuwa anakunywa soda?"

Tukaenda wote kutazama. Kwenye tofali moja palikuwa na alama ya kizibo cha soda, meno yake yote yakihesabika. Tofali la pili lilikuwa na tano, zimepangwa mfano wa ua. Nilizijua alama zile tangu utotoni. Tena, na ninaona haya kuliandika hili, niliwahi kumwambia mgeni mmoja kwa kujiamini kabisa kwamba ni mihuri ya Kijerumani.

Shangazi alijiziba mdomo kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Hizo nilizipiga mimi," alisema. "Na nilichapwa."

Hapo ndipo alipoitoa yote. Mjerumani alikuwa babu yangu, baba yao. Kazi yake ilikuwa kupima asali na nta ghalani, na upimaji ulikuwa umemwingia damuni. Alipojenga nyumba, watoto walikanyaga udongo, mama yao akateka maji, naye kila tofali lililotoka kwenye tanuru aliliweka kwenye mizani. Likiwa jepesi, analitupa. Fundi wao alikuwa Mgogo, mtani wetu, na watani hawana simile. Siku moja alichoka kusubiri matofali yapimwe, akatupa mwiko chini, akatoka barabarani akipiga kelele: "Jamani, nisaidieni! Huyu si Mnyamwezi, huyu ni Mjerumani!" Mtaa ukacheka, na jina likaganda. Waliocheka walipokwisha kufa, likabaki jina tupu, na shangazi hakuona sababu ya kulieleza.

Mtaalamu alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akasema kwa upole kwamba nyumba ni nzuri na kazi iliyofanyika ni ya hali ya juu, lakini hawezi kuandika Mjerumani pasipo na Mjerumani. Kwa sasa hapakuwa na chochote cha kumzuia mwenye nyumba kufanya anachotaka. Akaaga, akaondoka.

Baba mdogo akanyanyuka. "Kwa hiyo inabomoleka."

Nilijuta. Mimi ndiye niliyejipalia makaa, tena makaa yenyewe yanamuunguza shangazi.

Shangazi hakuwa akicheka tena. Alimgeukia mdogo wake.

"Miaka yote nimesema ni ya Mjerumani, na umeiogopa," alisema. "Leo umejua ni ya baba yako, ndiyo unataka kuibomoa."

Hakupandisha sauti. Shangazi akaendelea, sasa kwa sauti laini kidogo: "Wewe ulikuwa mgongoni mwangu nikikanyaga udongo. Ulikuwa unalia, nami nakubembeleza huku nakanyaga."

Baba mdogo alitoka nje. Nilimwona akiizunguka nyumba peke yake, mkono ukutani, hadi akafika kwenye kona ya baraza iliyomeguka mvua za masika. Aliporudi hakutaja fremu. Aliuliza kama kona ile inatengenezeka.

Fundi tuliyemwita alisema matofali ya kipimo kile hayauzwi mjini. Ni lazima yafyatuliwe. Baba mdogo alitaka walipwe vijana wafanye, lakini shangazi akamtazama tu, naye akaahirisha safari ya kurudi Dar. Alhamisi alikuwa ndani ya tope, suruali ya kitambaa imekunjwa hadi magotini, akihema, tumbo likimtangulia. Alijaza udongo kwenye kibao cha kufyatulia, akaugandamiza, akakiinua kibao taratibu, akarudi nyuma hatua moja. Akamgeukia dada yake kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Shangazi aliinama kutoka kwenye kiti chake, akalikagua.

"Limepinda," alisema. "Rudia."

Akarudia.