Punda wa Sikukuu

Sijawahi kuona kiumbe aliyependa kutazamwa kama punda wa mama yangu, na nimewahi kukaa katika kamati za harusi. Mama alimnunua kwa sababu moja tu. Shamba letu la mpunga liko upande wa mto, nje kidogo ya Ahero, na lori haliingii huko. Udongo ni ule mweusi. Ukinyeshewa kidogo unashika gurudumu na hauliachii. Mpunga ukishavunwa na kupigwa, unakaa kwenye magunia juu ya tuta la mfereji ukingoja mkokoteni uutoe hadi barabarani. Mto ukifika kabla ya mkokoteni, basi mwaka umekwisha. Mama ni mjane na hana shamba lingine, kwa hiyo punda yule hakununuliwa awe pambo.

Mwenyewe hakuyajua hayo. Siku za kazi alifungwa mkokoteni huku akitazama kando, kama mtu aliyeombwa mchango. Ukimpakia magunia mawili anakwenda hatua kumi, anasimama. Ukimchapa, anarudisha masikio nyuma na kukojoa. Nilikuwa nafundisha shule moja upande wa Otonglo na kurudi nyumbani kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilipokewa na mashtaka.

"Hiyo punda yako," mama aliniambia, maana jambo likiharibika huwa langu, "jana imelala na mkokoteni katikati ya njia. Watu wanapita wananipa pole, wanafikiri imekufa."

Jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya kufungulia wakulima maji ya mifereji, naye alikuwa na punda. Alikuwa mdogo, wa kijivu, ametoka manyoya mabegani kwa kuvuta. Asubuhi alibeba maji, mchana matofali, jioni majani ya ng'ombe, na hatua yake haikubadilika hata siku moja. Nilimdharau punda yule kwa moyo wangu wote. Nilimwona hana akili ya kukataa.

Sasa, siku inayofuata Krismasi, watu wa sokoni kwetu huwa na mbio za mikokoteni ya punda, kutoka daraja la mfereji mkubwa hadi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sharti ni kwamba mkokoteni ubebe magunia mawili ya maganda ya mpunga, na mwenye punda akae juu yake bila kuanguka. Mwaka ule nilimwandikisha punda wetu, zaidi kwa hasira kuliko kwa matumaini. Wiki nzima nilimpeleka mazoezi. Nilimfunga tairi bovu alivute kando ya mfereji, nikamwekea pumba zenye molasi mwisho wa njia. Siku ya kwanza alilala kando ya tairi. Siku ya pili alilala kabla sijalifunga. Mzee wa jirani alikuwa akipita na wake, daraja hadi mashine, mashine hadi daraja, bila kusimama.

"Mwalimu," aliniambia, "punda haisomi usiku wa mtihani."

Nilimjibu kwamba ni kweli, Mzee, kisha nikamcheka alipoondoka.

Siku yenyewe mama alipanda juu ya magunia akiwa na kitambaa chake cha kanisani, na mimi nikashika kamba. Spika zilikuwa zinanguruma, akina mama wanapiga vigelegele, waendesha boda wanapiga honi. Nikaona masikio ya yule mnyama yakisimama. Akatazama umati wa kulia, akatazama wa kushoto, na naapa alivuta tumbo ndani. Kisha akaondoka. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kumvuta nilivutwa, nikaachwa na kiatu kimoja. Mama alishika gunia kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mwingine, akimwita marehemu baba aje ashuhudie. Walifika kwenye mashine wenzao wakiwa bado njiani. Punda wa mzee alikuja wa mwisho, kwa hatua ileile ya kubebea matofali.

"Hiyo ya mzee ni ya kubeba tu," mtu mmoja alisema, na tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Kesho yake bingwa alikataa kuvuta mitungi minne ya maji. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Wa kwetu hata teke aliliona ni kazi. Lakini watu waliendelea kuja kumtazama. Walipiga naye picha, wakamletea mabua na ndizi, na mama, aliyekuwa akimlaani mwezi mzima, akaanza kumpiga brashi. Hapo nilimdharau mama pia kidogo, Mungu anisamehe.

Mwezi wa nne, Jumamosi, tukapata habari kwamba mto umevunja kingo huko juu na maji yako njiani. Magunia yetu ishirini na manne yalikuwa yamepangwa juu ya tuta. Nilimfunga bingwa, nikampakia sita. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu ila mama, mimi na korongo mmoja. Hakwenda. Nilimchapa mpaka fimbo ikavunjika. Nilimvuta kwa masikio. Nilimtukana kwa lugha zote ninazofundisha na moja nisiyoifundisha. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono kichwani.

"Wuoda," akasema mwishowe, mwanangu, "nenda uite mzee na ile yake. Hii yetu labda itatembea ikiona mwenzake wa kushindana naye, kama siku ile ya mbio."

Nilimkuta mzee shambani kwake, ng'ambo ya mfereji, akianza kupakia magunia yake mwenyewe. Nilimweleza. Aliutazama mto, akatazama magunia yake kumi na mawili.

"Nyinyi ndio mko karibu na maji," alisema. "Hizi zangu zinaweza kungoja."

Akashusha gunia alilokuwa amepakia, akaja.

Tulimpakia punda wake sita ya kwetu, akatangulia. Bingwa kuona mgongo wa mwenzake, shingo ikanyooka. Alimfuata, akamkaribia, na tulipotokea barabarani penye watu akampita kwa mbio, magunia yakirukaruka. Watu wakamtambua. Wakapiga makofi, mtu akapiga honi, na mimi, mwalimu mzima, nikainua mkono kuwapungia. Safari mbili zikatosha. Magunia yote ishirini na manne yalikuwa barabarani, makavu, na mama amekaa juu yake akiimba wimbo wa kanisani.

Mzee akageuza punda wake aende kwake. Hapo ndipo nilipokumbuka pumba. Tulikuwa tumeacha shambani magunia manane ya pumba za kulishia bingwa, na umati ulikuwa bado umesimama.

"Mzee, safari moja tu," nikamwambia. "Bila yako hataenda."

Alinitazama kidogo. Sijui aliona nini. Alisema, "Sawa, Mwalimu," tukarudi.

Tulipokuwa tunatoka na pumba, maji yalikuwa yameingia. Hayakupitia kwetu. Yalizunguka kwa mtaro wa nyuma, yakaanzia ng'ambo, shambani kwa mzee. Tulipofika huko, magunia yake tisa yalikuwa yamezama. Matatu ya juu ndiyo aliyoyaokoa, na punda wake aliyavuta kwa hatua ileile, maji yakimfika tumboni. Wangu alikuwa ameshatangulia barabarani, akila ndizi.

Wiki ile, shule zikiwa zimefungwa, nilimsaidia mzee kuanika mpunga uliolowa, kwenye turubai kando ya lami. Ulikuwa umeanza kuota na kunuka. Hakunilaumu, wala mama hakumwambia mtu kwamba safari ya tatu ilikuwa ya pumba. Siku ya pili alipita mwendesha boda, akapunguza mwendo, akamnyooshea kidole punda wa kijivu aliyesimama na mkokoteni wake.

"Mzee, si hii ndiyo ilishindwa Krismasi na ile ya mwalimu?"

"Ndiyo hii," mzee alijibu.

Mwendesha boda akacheka, akanitazama mimi nicheke naye. Nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya turubai. Niliinama, nikaendelea kugeuza mpunga wa mzee.