Habari za Darasa Husemwa Kabla ya Kuandikwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha. Nilifika katika shule ndogo ya misheni nje ya Bungoma mwanzoni mwa miaka ya thelathini, shati langu limepigwa pasi ya makaa, kipande cha chaki mkononi. Hedmasta, mtu mfupi aliyevaa koti la kaki hata jua lilipokuwa kali, alinitazama, akaichukua ile chaki, akaitia mfukoni mwake.

"Chaki baadaye," alisema. "Leo utatembea. Ingia kila nyumba iliyotuletea mtoto. Sema jina lako, sema jina la mtoto, kunywa uji ukipewa, kisha rudi."

"Niwaambie nini, bwana Hedmasta?"

"Waambie mtoto wao anakaa benchi gani, na karibu na nani."

Niliona amenidharau. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mbinu za kufundisha kusoma kwa silabi, naye alikuwa ananituma kutangaza mabenchi. Lakini katika nyumba ya kwanza mama mmoja aliacha kusaga wimbi, akaniuliza maswali mengi kuhusu lile benchi kuliko niliyowahi kuulizwa chuoni. Je, linaguswa na jua? Je, yule wa kando ndiye yule mtundu wa upande wa mtoni? Niliporudi jioni nilikuwa nimeanza kuelewa, ingawa, kama ilivyo tabia yangu, nililifikiria jambo hilo kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali kwamba nimelielewa.

Ninyi walimu vijana mnaosoma haya, kumbukeni hali ya vifaa vyetu. Mtoto wa madarasa ya chini hakuwa na daftari. Aliandikia kibao cha jiwe jeusi, kwa kalamu ya jiwe laini, na alichoandika asubuhi alikifuta kwa kiganja ili aandike cha mchana. Alipofika nyumbani kibao kilikuwa kitupu. Mzazi aliyemtoa mtoto katika kazi ya kuchunga hakuwa na kitu cha kutazama jioni kilichoonyesha kwamba siku haikupotea. Kwa hiyo mwalimu ndiye aliyekuwa daftari. Hedmasta wangu alitufundisha kutembea, nami nilitembea chini yake kwa miaka mingi, hata nikajua mbwa wa kila boma.

Kisha vita vilipokwisha nikapewa uhamisho kwenda Kitale, kwenye shule ya shamba la mzungu lililokuwa mbele ya Matisi. Shule ya shamba ilikuwa banda moja la udongo lililogawanywa kwa ukuta wa matete, nami nilikuwa mwalimu mkuu na mwalimu msaidizi kwa pamoja. Wanafunzi walikuwa watoto wa maskwota, yaani wafanyakazi walioruhusiwa kujenga na kufuga kidogo kwenye ardhi ya mwenye shamba mradi wamfanyie kazi. Nilipomwambia nyapara, aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi, kwamba ningependa kupita nyumba kwa nyumba, alicheka hadi akakohoa.

"Mwalimu, hapa si kwenu Bungoma. Hapa nyumba ni ya Bwana, njia ni ya Bwana, hata huyo mzazi ni wa Bwana mpaka maziwa yafike kiwandani kwa kirimari. Utapita ukiongea na nani? Na kuku?"

"Basi nitapita Jumapili."

"Jumapili wanalala, bana! Wewe hulali?"

Nilipita Jumapili. Lakini nyumba zilikuwa zimetawanyika, na habari zangu ziliwafikia wachache. Msimamizi wa Shule, aliyetembelea shule za mashamba kwa pikipiki na ambaye alikuwa mtu mwema aliyeamini maandishi kuliko masikio, aliona kasoro hiyo. Mwisho wa mwaka mmoja alileta dawa yake: karatasi za ripoti. Kila mtoto alikuwa na yake, imeandikwa kwa Kiingereza masomo yake na nafasi yake darasani, na chini yake ofisi ilikuwa imegonga muhuri mkubwa wa wino wa zambarau.

"Sasa kila mzazi atajua," alisema, akazigawa yeye mwenyewe, mtoto mmoja baada ya mwingine, akipeana nao mikono.

Kesho yake Nekesa hakuja shuleni.

Nekesa alikuwa binti wa Simiyu, mkamuaji wa ng'ombe. Alikuwa darasa la nne, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa wiki iliyofuata. Mtihani huo ndio uliokuwa mlango. Aliyepita aliendelea na darasa la tano katika shule ya kati, na aliyekosa kuufanya alirudi kupalilia mahindi na kungoja kuolewa, kwa maana haukurudiwa. Nilikwenda nyumbani kwao saa ya mapumziko. Mlango ulikuwa wazi, jiko baridi, na jirani yao, Mama Naliaka, alikuwa anamfunga ndama wao kwenye kigingi chake mwenyewe.

"Wamehama," alisema bila kunitazama. "Walitoka kabla ya jua. Wameenda Bumula kwa kaka ya mama."

"Wamehama kwa nini?"

Sasa alinitazama. "Mwalimu, si wewe ulimpea mtoto karatasi? Karatasi ya muhuri huku ni ya kuhama. Mzee Khaemba alipewa kama hiyo, akangoja, ati atauliza. Askari wakakuja, nyumba ikachomwa, ng'ombe wakauzwa. Simiyu amesema yeye hangoji."

Nikiri kwamba hata leo nikiona wino wa zambarau vidole vyangu hutafuta mahali pa kushika. Ripoti ya mtoto aliyekuwa wa pili darasani ilikuwa imeivunja nyumba yake. Na hatari haikuwa ya Nekesa peke yake. Skwota aliyeondoka bila ruhusa aliitwa mtoro. Kipande chake, ile hati ya kazi aliyotakiwa kuibeba kila mahali, kisingetiwa sahihi, na asingepata kazi nyingine kwa njia halali.

Nilimwendea nyapara kabla hajamwendea Bwana. Nilimweleza yote. Mara hii hakucheka.

"Mimi naweza kusema Simiyu ana homa," alisema polepole. "Mke wangu atakamua ng'ombe wake. Lakini hiyo homa iishe Jumatatu, Mwalimu. Jumatatu nikiita jina lake na asiitike, mimi sikujui, na homa siijui."

Ijumaa nilipofunga darasa nilipanda baiskeli. Mvua ilinikamata Kiminini nikalala kwa mwalimu mwenzangu, na Jumamosi nikaendesha siku nzima, nikipita Bungoma bila hata kuisalimu shule yangu ya zamani. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilitunga hotuba ya ufafanuzi, nikaitupa, nikatunga ya kuomba radhi kwa niaba ya ofisi, nikaitupa nayo. Nilipofika Bumula jua lilikuwa linaelekea kuchwa, na sikuwa na hotuba yoyote.

Mjomba wa Nekesa, Wanyonyi, alikuwa anaanua mihogo iliyokauka. Simiyu aliponiona aliruka, akasimama kwenye mlango wa jiko.

"Mwalimu! Umekuja na askari wangapi?"

"Nimekuja na baiskeli."

"Ya Bwana?"

"Yangu. Itazame ilivyochoka."

Wanyonyi ndiye aliyecheka kwanza, akanipa kigoda. Nilieleza kwamba ile karatasi haikuwa ya kuhama. Ilikuwa habari ya darasa, na habari yenyewe ilikuwa njema. Mama Nekesa aliingia ndani akaitoa. Alikuwa ameikunja na kuificha ndani ya kibuyu kitupu cha maziwa. Niliisoma mstari kwa mstari na kuitafsiri: hesabu, kusoma, maandishi, usafi.

Simiyu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, wewe hulipwa na nani?"

"Na shule."

"Na shule iko kwa shamba ya nani?"

Niliiweka karatasi juu ya goti.

"Unaona? Mimi sijui kusoma. Mtu anayejua anaweza kuniambia hiyo ni Zaburi, na mimi nitasema amina. Khaemba pia alisomewa. Alisomewa vizuri kabisa, kwa sauti tamu kama yako."

Kila nilichoweza kuongeza kingekuwa sauti tamu zaidi. Ni Wanyonyi aliyeuliza lile swali ambalo mimi, kwa fikra zangu zote za njiani, sikulifikiria.

"Hii karatasi mlipewa nyinyi peke yenu?"

"Walipewa watoto wote," nilisema. "Hata Barasa, mtoto wa nyapara."

"Uongo!" Simiyu alisema. "Nyapara apewe karatasi ya kuhama? Nani atafukuza wengine?"

Hapo sauti ndogo ikatoka nyuma ya rundo la mihogo. Nekesa alikuwa ameketi pale muda wote, akiondoa maganda yaliyosalia.

"Alipewa, baba. Barasa alipewa kabla yangu. Alilia."

Kila mtu aligeuka.

"Alilia nini?"

"Yake iliandikwa wa mwisho. Bwana wa pikipiki alimwambia ajitahidi. Halafu akanishika mkono mimi, akasema nimekuwa wa pili, na mtihani ni wiki inayokuja, na nisikose."

Simiyu alishuka kutoka mlangoni taratibu. "Barasa wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa, baba."

"Na wewe wa pili?"

"Ndiyo, baba."

"Mtoto wa nyapara, wa mwisho!" Wanyonyi alipiga goti lake. "Shemeji, kama hii ndiyo karatasi ya kuhama, basi nyapara ahame kwanza!"

Walicheka, nami nikacheka, ila Mama Nekesa hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Ulijua haya yote, na ukanyamaza mpaka Bumula?"

"Nilisema, mama. Nilianza kusema. Ukaniambia nibebe kuku."

Mama alikaa chini. "Hatukumuuliza," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. "Mwalimu, nani humuuliza mtoto maana ya muhuri?"

Jumapili alasiri, mfanyabiashara mmoja wa Bungoma aliyekaa jirani na msikiti, Mzee Juma, alitubeba kwenye lori lake juu ya magunia aliyokuwa akipeleka Kitale: Simiyu, Nekesa, mimi na baiskeli yangu. Mama angefuata baadaye na kuku. Jumatatu asubuhi nyapara aliita majina. Alipofika kwa Simiyu alisita kidogo.

"Homa imeisha?"

"Imeisha."

"Vizuri." Kisha alinisogelea mimi, akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe, Mwalimu. Siku nyingine ukimsomea mama Barasa karatasi, anza na somo la kuimba. Kuimba, mtoto anaweza."

Nekesa alifanya mtihani wake. Nami wiki hiyohiyo nilibadilisha utaratibu wa kazi yangu, na huu ndio utaratibu ninaotaka ninyi vijana muujue. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, kila mtoto alisimama akasema mbele yangu mambo matatu ambayo angeyasema nyumbani: nilichojifunza, kilichonishinda, na anachotaka mwalimu. Alikwenda nyumbani na shahidi, yaani mtoto wa jirani, kwa sababu niligundua mapema kwamba bila shahidi darasa langu lingekuwa na watoto thelathini walio wa kwanza. Mashahidi niliwachagua kutoka nyumba zisizopendana sana. Hawakuacha kosa lipite. Na Jumatatu kila mtoto alileta jibu la nyumbani kwa mdomo. Jibu ndilo lililonithibitishia kwamba habari imefika. Majibu mengine yalikuwa makali. "Baba amesema na wewe Mwalimu uoge." Niliyapokea.

Msimamizi wa Shule aliporudi na pikipiki yake hakufurahi.

"Ripoti ni maandishi," alisema. "Maneno hupeperuka."

"Bwana Msimamizi, nitaandika kila unachotaka niandike. Lakini nitaisema kwanza, na mtoto ataisema kabla yangu. Karatasi yako itaingia kwenye nyumba ambayo tayari inajua."

"Na nikikukataza?"

"Utakuwa umenikataza, nami Ijumaa nitawasikiliza watoto wakisema habari zao. Hilo ni somo la lugha. Limo kwenye silabasi."

Aliwasha pikipiki akaondoka. Safari iliyofuata alizileta ripoti bila muhuri.

Matokeo ya mtihani yalipofika niliwaita Nekesa na Barasa, maana Barasa ndiye aliyekuwa shahidi wake. Niliwafuata kwa mbali hadi kwenye zizi la kukamulia. Simiyu alikuwa amechuchumaa, ndoo katikati ya magoti.

"Baba, nimeleta habari ya shule."

Hakusimamisha mikono. "Ina muhuri?"

"Haina."

"Basi sema."

Akasema. Barasa, ambaye yeye mwenyewe hakupita, alishuhudia kwa sauti kubwa kwamba ni kweli. Maziwa yalikoma kugonga ndoo.

Nilirudishwa Bungoma katika miaka ya hamsini, kwanza shule ya mjini, ambako wazazi Waislamu wa karibu na msikiti walinifundisha kwamba Ijumaa yangu iwe Alhamisi, kisha kama mwalimu mkuu upande wa Bumula, ambako Wanyonyi alikuwa mzee wa kamati ya shule na hakuchoka kusimulia habari za nyapara. Kote nilipokwenda nilidumisha kanuni moja: mtoto ndiye mwenye habari yake, aulizwe kwanza.

Miaka hiyo ilipokaribia mwisho, tarishi wa ofisi ya elimu alinijia nyumbani akiniletea bahasha. Nilijua ni ya kustaafu. Niliifungua, na chini ya barua palikuwa na muhuri wa zambarau, uleule mkubwa, na mstari uliosema niikabidhi nyumba ya shule. Baada ya kazi yote ile nilikuwa nimeletewa, kweli kweli, karatasi ya kuhama.

Niliikunja. Nilimwita mke wangu na watoto, tukakaa, nikawaambia kwa mdomo wangu kwamba kazi imekwisha, kwamba hakuna aliyekosa, na kwamba tutakwenda kwenye shamba letu kwa miguu yetu na mchana kweupe. Binti yangu mdogo aliinua mkono kama darasani.

"Sema," nilimwambia.

"Baba, kuku nitabeba mimi?"

Nilimjibu, na nikangoja hadi waulize yote waliyotaka kuuliza. Ndipo nikawaonyesha karatasi.