Viatu vya Mtoto, Jozi Moja

Daftari la duka la babu bado linanuka mafuta ya taa. Nimelitoa sandukuni ili nikusanye majina ya ukoo wetu, maana wengi waliokuwa wakiyakumbuka wameshakufa. Harufu hiyo ikanirudisha dukani kwake kule Bahi, mchana wa jua kali, nikiwa binti mdogo anayesoma kwa kuungaunga herufi, nimepakatwa na bibi nyuma ya kaunta.

Nilikuwa nafuata mwandiko wa babu kwa kidole. Ghafla nikaliona jina langu.

"Bibi, nimeandikwa hapa! Viatu vya mtoto, jozi moja."

Nikamwuliza viko wapi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuvaa viatu. Bibi akaufunika ukurasa kwa kiganja chake chenye unga wa mtama.

"Huyo si wewe, mjukuu wangu," akasema. Nilihisi kifua chake kikitetemeka mgongoni kwangu, nikaogopa kuuliza tena.

Leo nimeupata ukurasa ule. Wino umefifia, lakini unasomeka. Viatu vilichukuliwa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Mstari wa chini yake babu ameandika jina lilelile, na mbele yake: sanda, yadi mbili.

Nikampigia mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla yangu ulizaa nani?"

 Akaliita jina langu, taratibu, mara mbili, wala hakuwa ananiita mimi.