Mwanga Tuliouanika Juani

Niliwahi kuandika kwenye daftari langu kwamba mimi na fundi wangu tulitengeneza taa isiyotumia mafuta. Siku chache baadaye nikaifuta sentensi hiyo. Haikuwa taa, na sehemu yangu katika kuitengeneza ilikuwa hasa kuiharibu. Basi nitaeleza ilivyokuwa, na nikionekana najisifu, msomaji anivumilie. Mimi niliishia darasa la nne.

Vita vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko bomani. Nilitoka kwetu Butiama nikapata kazi ya ukarani mtaa wa Mukendo, pale Musoma, kwa fundi saa mmoja aliyetumika Burma. Alirudi na koti zito la jeshi na saa ya mkono iliyong'aa gizani, kijani kama macho ya paka. Chumba cha giza hatukuwa nacho. Mteja akitaka kuona, fundi alimfunika kichwa kwa lile koti pale pale barazani, jua linawaka. Watu wazima na heshima zao waliinama humo ndani wakisema "Lo!" huku wapita njia wanawacheka.

"Inakula nini hii?" waliuliza.

"Haili kitu," fundi alijibu. "Kwenye rangi kuna radiamu. Inajiwakia yenyewe. Ifungie sandukuni mwaka mzima, ukifungua utaikuta inakusubiri."

Siku moja akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa mwangalizi wa injini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Alikaa chini ya koti muda mrefu mpaka fundi akamgonga mgongoni. "Shemeji wa watu, umelala humo?"

Alitoka jasho linamtiririka. "Fundi, nataka namba kama hizi kwenye geji yangu."

Shida yake ilikuwa hivi. Chumba cha injini kilizibwa madirisha ili manyoya ya pamba yasiingie, kwa hiyo ni giza hata saa sita mchana. Msimu uliopita kandili iliangusha cheche, manyoya yakashika moto, na tangu hapo moto wa aina yoyote ukapigwa marufuku. Tochi alikuwa nayo, betri ndizo hazikupatikana. Akifungua mlango asome geji ya oili, manyoya yanaingia, anatukanwa. Asipoisoma, injini inaweza kukauka oili na kuvunjika. Mkuu wa mashine, Singasinga mmoja, alikuwa amemwambia wazi: Jumatatu kazi inaanza, kama bado huwezi kuisoma, nina mtu mwingine.

"Na mimi nitarudi nyumbani kuchunga," shemeji alisema. "Ng'ombe wenyewe wa baba, na wanafahamu kwamba sijui kuchunga."

Shemeji alikwenda kuifungua geji kwenye injini, akatuletea. Fundi alikuwa na kikopo cha unga aliokwangua kwenye saa mbovu za jeshi. Aliukoroga na gundi ya mgunga, akanipa brashi kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Ili ncha ichongoke, tulikuwa tunailamba. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wasichana wa viwanda vya saa huko ng'ambo waliugua vibaya taya kwa kulamba hivyo hivyo, nikajishika kidevu. Fundi hakuugua taya, hilo naweza kuapa. Mengine sijui, wala sitasema kwamba rangi ile ilikuwa salama.

Nilipopima kwa macho niliona unga hautatosha namba zote za geji. Dukani kulikuwa na saa za mezani, zile za kengele, nazo zina rangi inayong'aa. Kwetu wageni wakizidi, mama anaongeza unga wa muhogo kwenye mtama, ugali unatosha na hakuna anayelalamika. Nikafanya vivyo hivyo. Nasema kweli: fundi aliniambia nisichanganye. Hakuniambia kwa nini, lakini aliniambia.

Tuliianika geji barazani ikauke. Tulipoiingiza chini ya koti, lo, iling'aa mpaka fundi akanikumbatia. Mimi nikakumbatiwa nikanyamaza.

Ijumaa tulipanda lori hadi Bunda na geji mapajani, juani njia nzima. Singasinga aliifunga mwenyewe mahali pake, mlango ukafungwa, na namba zote zikaonekana wazi. Shemeji akapiga makofi. Singasinga hakupiga. Aliagiza chai, tukanywa humo humo gizani, tukipapasana vikombe.

"Jamani," sauti ya shemeji ikasema, "mbona inazimika?"

Ilikuwa inazimika kweli. Kabla vikombe havijaisha, zilibaki alama mbili tatu, hafifu, huwezi kujua ni sita au tisa.

"Fundi," Singasinga alisema, "taa yako imeenda kulala mapema."

"Labda gundi yangu ni mbaya," fundi akajibu kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu."

Giza lilinisaidia, maana kwenye mwanga sijui kama ningesema. "Si gundi. Niliongeza unga wa saa za kengele."

Fundi akaguna. "Ule hauna radiamu hata chembe. Ule unakunywa jua tu, na jua likiisha, basi. Na mimi mjinga naupima barazani, umetoka kulinywa sasa hivi! Karani, umenisongea ugali wa muhogo ukaniambia mtama."

"Jumatatu bado haijafika," alisema Singasinga, akatoka.

Tulikwenda nyumbani kwa shemeji, Kabasa. Unga safi haukubaki. Fundi akavua saa yake ya Burma, akaiweka mezani, akaiangalia.

"Usifanye hivyo, fundi," nikasema.

"Nyamaza wewe. Hata hivyo haitoshi namba zote."

Shemeji ndiye aliyetuokoa, nami nataka ijulikane hivyo. "Kwani nani anasoma namba? Mimi naangaliaga mshale tu, na pale ambapo ukishuka chini yake nazima injini."

Tulitazamana, mafundi wawili wa mjini. Vitu viwili! Nikakwangua rangi yangu yote, fundi akakwangua saa yake, nikapiga mstari mmoja kwenye mshale na mmoja kwenye alama ya hatari. Safari hii fundi hakutaka jua liione kabisa. Aliizungushia koti, akaifungia kwenye sanduku la shemeji, akalikalia kama kuku anayeatamia mpaka Jumatatu, akiondoka kwa swala na chakula tu.

Jumatatu sanduku lilifunguliwa ndani ya chumba cha injini, mlango umefungwa. Mistari miwili. Si mikali, lakini ilikuwepo. Singasinga akanywa chai, akaagiza kikombe cha pili makusudi. Mistari ikabaki. Injini ikawashwa, na bila kutuambia akapunguza oili kidogo.

"Unashuka!" shemeji akapiga kelele, na kabla sijaelewa kinachoshuka, alikuwa ameshazima injini.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi," Singasinga alimwambia. "Usichelewe."

Kumbe ndivyo alivyokuwa anasifu.

Tulirudi Mukendo. Wateja waliendelea kuja, wengine kutoka mbali, wakiinamisha vichwa tayari kufunikwa. Fundi aliwaonyesha saa yake, uso mweupe, bila namba hata moja.

"Namba zake zimepata kazi Bunda," alikuwa anawaambia. "Zinalala kwa shemeji wa karani."